Uwakili kanisani: Somo linaloanza na mtu kabla ya mfuko wa sadaka

Mtoto wa shule mjini Msambweni akiulizwa wakili ni nani, atajibu bila kusita kuwa ni yule mtu avaaye joho jeusi na kumtetea mshtakiwa mahakamani. Hatakuwa amekosea. Hata hivyo, Jumapili inapofika, mtoto huyo huyo husikia mhubiri akisema kuwa kila Mkristo ni wakili: mwalimu wake, muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Msambweni, mama karanga anayeuza samaki wa kukaanga kando ya barabara, na hata yeye mwenyewe ambaye hajawahi kushika noti ya Sh1,000. Hapo ndipo maswali huanza.

Uwakili ni miongoni mwa maneno yanayotajwa sana katika makanisa ya Kenya na kufafanuliwa kidogo. Aghalabu huibuka msimu wa mavuno unapowadia, paa la kanisa linapovuja, au ahadi za washirika zinapochelewa kulipwa. Kwa sababu hiyo, waumini wengi wameishia kuliona kama jina la heshima la kuombwa fedha. Wanaposikia kuwa mada ya ibada ni uwakili, mkono huenda mfukoni kabla ya sikio kufunguka.

Ni hasara kubwa, kwa kuwa somo lenyewe halianzi na fedha. Linaanza na swali gumu zaidi: Mkristo ni nani, na ni wa nani? Ushirika unaofundisha utoaji bila kulijibu swali hilo huweza kujenga jumba zuri la mawe, lakini washirika wake hubaki wepesi kununuliwa na yeyote mwenye kitita kikubwa au mwenye sauti kubwa. Katika Pwani ya Kenya, gharama ya kosa hilo imeonekana wazi, na wakati mwingine imelipwa kwa uhai wa watu.

Mwenye nyumba na mtunza nyumba

Maana mbili za neno wakili hazipingani jinsi zinavyodhaniwa. Mtu anapouza shamba, mara nyingi malipo hupitia katika akaunti ya wakili. Wakili huzipokea fedha hizo, huzihesabu na kuzifikisha zinakotakiwa, lakini si zake. Akizitumia kujijengea nyumba, atakuwa amevunja amana, hata kama nyumba hiyo ni nzuri na ujenzi wake umewapa vijana wengi kazi. Hiyo ndiyo maana ambayo Biblia ya Kiswahili inalenga inapomtaja wakili katika sura ya 16 ya Injili ya Luka: msimamizi aliyekabidhiwa mali ya tajiri, akashtakiwa kwa kuitapanya, kisha akatakiwa atoe hesabu.

Katika Kigiriki, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa, neno lililotumika ni oikonomos, yaani mtu anayeendesha shughuli za nyumba ambayo si yake. Wakazi wa Pwani ya kusini hawahitaji kwenda mbali kumpata mtu wa namna hiyo. Kutoka Diani kuelekea kusini zipo nyumba nyingi za ufuoni ambazo wenyewe huishi Nairobi au ng'ambo. Mtunza nyumba ndiye hushika funguo zote. Hulala hapo, hufagia ua, humwita fundi bomba linapopasuka na kufukuza tumbili wanaovamia jikoni. Mpita njia akimwona asubuhi amesimama barazani, anaweza kudhani ndiye mwenyewe.

Lakini yeye anajua kuwa siye. Anajua pia kuwa kutomiliki hakumpunguzii heshima. Heshima yake imetokana na kuaminiwa: kati ya watu wote waliokuwa wakitafuta kazi, yeye ndiye aliyepewa funguo. Akianza kupangisha vyumba kisirisiri na kutia kodi mfukoni, jambo la kwanza analopoteza ni jina lake, kabla hata ya kazi. Vivyo hivyo kwa nahodha anayeingia baharini na chombo cha mtu mwingine. Samaki wanapogawanywa pwani, mwenye chombo ana fungu lake na mabaharia wana lao, na nahodha anayeficha samaki chini ya matanga hakawii kugundulika.

Mfano wa talanta katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo unasema jambo hilo hilo. Bwana anasafiri na kuwaachia watumishi watatu talanta tano, mbili na moja. Wengi hudhani aliyepewa moja alionewa. Talanta ilikuwa kipimo cha fedha kilichofikia dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Kwa hesabu hiyo, hata aliyepewa kidogo alikabidhiwa ujira wa karibu miaka 20. Kosa lake halikuwa uchache wa mali. Alimwona bwana wake kuwa mtu mkatili, akaogopa, akaifukia ardhini. Hakujua alikuwa mtumishi wa nani, ndiyo maana hakujua la kufanya na alichopewa.

Kukombolewa si kununuliwa upya

Swali la mtu ni nani lina historia nzito Pwani. Mmishenari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la Church Missionary Society (CMS), alifika Mombasa mwaka wa 1844 na kumpoteza mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huo huo. Mwaka wa 1846 alifungua kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Kwa miaka mingi waumini walikuwa wachache mno.

Mambo yalibadilika baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1875, CMS ilianzisha kijiji cha Frere Town, Kisauni, ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Rabai nako kulijaa watoro waliokimbia mashamba ya mabwana wao. Mzozo ulipozidi, kampuni ya IBEA iliyokuwa ikitawala kwa niaba ya Uingereza iliwalipa mabwana hao fidia, na Januari 1, 1889, zaidi ya watu 1,000 wakathibitishwa rasmi kuwa huru.

Kwa watu hao, neno kukombolewa halikuwa fumbo la mahubiri. Lilikuwa na tarehe na bei. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho katika sura ya sita ya waraka wake wa kwanza kuwa walikuwa wamenunuliwa kwa thamani, na kwa hiyo miili yao haikuwa yao wenyewe, wazee wa Rabai walimwelewa bila kamusi.

Hata hivyo, historia hiyo ina upande wa pili ambao haufai kufichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, usimamizi wa Frere Town ulilaumiwa kwa kuwachapa viboko watu wale wale waliopelekwa huko kwa jina la uhuru. Walifundishwa kwa maneno kuwa ni wana, wakatendewa kama mali. Somo la uwakili linapaswa kukumbuka fedheha hiyo kila linapofundishwa, maana mkombozi wa kweli hamwachi huru mtu kisha akamfunga kwa kamba nyingine. Mkristo akishajitambua kuwa amekombolewa, hana budi kujua pia kuwa hauzwi tena: si kwa mwanasiasa, si kwa nabii, wala si kwa mchungaji wake.

Kutoka bara hadi Msambweni

Washirika wa makanisa ya Msambweni wana historia yao. Eneo hilo ni la Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, na Wakristo ni wachache. Wengi kati ya Wakristo hao, au wazazi wao, walitoka kwingineko wakifuata kazi: ualimu, uuguzi, hoteli za Diani, na kiwanda cha sukari cha Ramisi kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo benchi moja la kanisa huweza kukaliwa na Mkamba, Mluo, Mtaita, Mluhya na Mgiriama, wote wakiimba kwa Kiswahili.

Mchanganyiko huo ni neema, lakini pia uliwahi kuwa shabaha. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuanzisha wimbi la mauaji dhidi ya watu walioitwa wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakayahama makwao Likoni na Kwale. Kanisa Katoliki la Likoni liligeuka kambi ya waliokimbia. Mapigano hayo ni miongoni mwa yaliyochunguzwa na tume ya Jaji Akilano Akiwumi iliyoundwa mwaka wa 1998.

Tangu wakati huo, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halijawahi kuondoka kabisa, hasa msimu wa uchaguzi unapokaribia. Ndiyo maana mafundisho kuhusu utambulisho wa Mkristo si pambo huku. Mtu anayejiona mgeni wa muda tu, ambaye mwili uko Msambweni na moyo uko alikozaliwa, hawezi kuwa wakili wa mahali anapoishi. Hatapanda mti, hatajali kisima cha kijiji, wala hatajali shule ya jirani. Kwa upande mwingine, anayejiona bwana wa mahali hapo atawadharau waliomtangulia. Uwakili unampa njia ya tatu: mahali si pake kwa kumiliki, lakini amekabidhiwa apatunze pamoja na wenzake.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kina kisa kinachofaa sana ushirika wa makabila mengi. Katika sura ya sita, wajane waliozungumza Kigiriki walisahauliwa wakati wa kugawa chakula, huku wajane Waebrania wakihudumiwa. Mitume hawakuwakemea walalamikaji kuwa wanaleta ukabila. Waliagiza wachaguliwe watu saba waaminifu wa kusimamia kazi hiyo, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Kwa maneno mengine, ghala lilikabidhiwa watu wa upande uliopunjwa. Kamati ya maendeleo ya kanisa ambayo viti vyake vyote vimekaliwa na watu wa kabila moja ingefaa kukisoma kisa hicho polepole.

Zaka na jirani

Jambo jingine linalolipa somo hili ladha ya kipekee Msambweni ni msamiati wake. Wakili, amana, sadaka, zaka na wakfu ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Mkristo huyatumia pamoja na jirani yake Mwislamu. Maana zake hukaribiana bila kulingana. Zaka ya Kiislamu ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango maalum na kukaa mwaka mzima, na Kurani inayataja makundi manane yanayostahili kuipokea, wakiwemo mafukara na wenye madeni. Zaka ambayo Wakristo wengi huizungumzia ni fungu la kumi lililotajwa katika Agano la Kale.

Waumini wengi hawajui kuwa fungu hilo halikuwa la makuhani pekee. Sura ya 14 ya Kumbukumbu la Torati inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni mwa miji ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Sura ya tatu ya kitabu cha Malaki, ambayo husomwa sana wakati wa kuhimiza zaka, inawakemea pia wanaowadhulumu vibarua ujira wao, wajane, yatima na wageni. Mahubiri yanayotaja ghala bila kumtaja kibarua huwa yamesoma nusu ya ukurasa.

Makanisa yenyewe hayana msimamo mmoja kuhusu zaka. Kanisa la Waadventista Wasabato lina idara maalum ya uwakili, na zaka yake huelekezwa katika kazi ya injili na riziki ya wahubiri, si ujenzi wa kanisa la mtaa. Makanisa mengi ya Kipentekoste huhimiza fungu la kumi kama wajibu wa kila mwezi. Makanisa mengine husisitiza utoaji wa hiari, yakitegemea waraka wa pili wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya nane na ya tisa. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nchini Tanzania, washarika wengi hutumia bahasha zenye namba, ili kila mmoja aweze kufuatilia ahadi yake mwaka mzima.

Tofauti hizo hazifuti jambo moja ambalo Paulo analieleza katika sura ya nane ya waraka huo. Anawasifu Wakristo wa Makedonia, waliokuwa maskini, kuwa kabla ya kutoa mali walianza kwa kujitoa wenyewe. Mpangilio huo una maana. Anayetoa fedha kabla ya kujitoa anaweza kudhani amemlipa Mungu na wamemalizana. Aliyejitoa kwanza anajua kuwa hata kilichobaki mfukoni si chake: karo, kodi ya nyumba na nauli ya matatu navyo viko ndani ya uwakili.

Fedha za wageni mashuhuri

Wakristo wa Afrika Mashariki wamejadili suala la kujitegemea kwa muda mrefu. Katikati ya karne ya 19, katibu wa CMS, Henry Venn, alitaka makanisa ya mashambani kwa wamishenari yafikie hatua ya kujiendesha, kujigharamia na kujieneza yenyewe. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka wa 1971, Kasisi John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA) aliushangaza mkutano mjini Milwaukee, Marekani, alipopendekeza misaada ya fedha na wamishenari kutoka ng'ambo isitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Kanisa lake lilikuwa limeanza kuhimiza waumini kwa neno moja: Jitegemea.

Leo mgeni anayesubiriwa na mkoba si mmishenari tena. Mara nyingi ni mwanasiasa. Kwa miaka mingi, harambee ya kanisa isiyokuwa na mheshimiwa ilionekana imeanguka kabla ya kuanza. Mheshimiwa naye alipotoa, alipewa kipaza sauti, na madhabahu yakageuka jukwaa. Mnamo Septemba 12, 2021, mjini Butere, Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Kenya, Jackson Ole Sapit, alitangaza kuwa wanasiasa hawangeruhusiwa kuhutubu ibadani. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamua kurejesha Sh2.6 milioni ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, pamoja na Sh200,000 za gavana wa Nairobi, na kukataa ahadi ya fedha zaidi.

Wengi walisifu uamuzi huo. Lakini kurejesha fedha ni rahisi kwa mdomo na kugumu kwa vitabu vya hesabu. Nyumba ya padri haitajengwa kwa sifa. Kanisa linaloweza kumwambia kiongozi hapana ni lile ambalo washirika wake wamefundishwa kuleta walicho nacho bila kungoja gari kubwa lisimame uani. Nazi tano, kuku mmoja au gunia la mahindi lililonadiwa baada ya ibada ya mavuno haviwezi kushindana na bahasha ya mheshimiwa kwa wingi. Vinaishinda kwa jambo moja tu: havidai kipaza sauti.

Upande wa pili wa hatari hiyo ulionekana Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Wengi wa waliofariki walikuwa wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwashawishi wafunge hadi kufa. Mhubiri huyo alikanusha mashtaka dhidi yake. Jamaa za waathiriwa walisimulia jinsi wapendwa wao walivyouza mali, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shuleni na kukataa dawa kabla ya kuhamia msituni.

Mafundisho sahihi ya uwakili yangewapa waumini maswali ya kuuliza mapema. Ikiwa mwili ni amana, nani ana mamlaka ya kuuua kwa njaa? Ikiwa mtoto ni amana, nani aliyemruhusu mzazi amnyime shule na hospitali? Ikiwa shamba ni amana ya vizazi, linauzwa kwa amri ya nani, na fedha zinakwenda wapi? Anayejua kuwa amekabidhiwa atatakiwa kutoa hesabu, na anayetakiwa kutoa hesabu hujifunza kuidai pia.

Mbinu za kufundisha

Ushirika unaotaka kulifundisha somo hili vyema hauna sababu ya kusubiri msimu wa mavuno. Mahali pa kuanzia ni darasa la ubatizo na la kipaimara, ambapo kijana hujifunza jina na imani yake mpya. Badala ya kumkaririsha asilimia pekee, mwalimu anaweza kumtaka aandike mambo manne aliyokabidhiwa: muda, kipaji, mali na mahali. Mwanafunzi asiye na kipato atagundua kuwa ana saa 24 kwa siku sawa na tajiri, na kwamba kumfundisha mdogo wake kusoma ni uwakili kamili.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, zinafaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko mimbari. Familia chache zinapokutana nyumbani kwa mmoja wao, huonekana nani ana njaa, mtoto wa nani amekosa karo na mzee yupi hajafika hospitali. Umoja wa Akina Mama katika Kanisa la Kianglikana na vyama vya wanaume na vijana vina nafasi hiyo hiyo. Hapo ndipo hutokea utoaji usiotangazwa.

La muhimu zaidi, kanisa lenyewe halina budi kuwa wakili kabla ya kuwafundisha wengine. Paulo alipokusanya mchango wa kuwasaidia Wakristo wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika sura ile ile ya nane anaeleza kuwa alitaka waandamane naye watu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama juu ya fedha hizo. Mtume aliyeaminiwa na wengi hakuona haya kukaguliwa. Kwa hiyo mchungaji anayeona ombi la taarifa ya hesabu kuwa uasi hana Paulo wa kumtetea.

Katika mazingira ya leo, uwazi huo una sura inayojulikana: akaunti ya benki yenye watia saini watatu, sadaka kuhesabiwa na zaidi ya mtu mmoja, taarifa ya mapato na matumizi kubandikwa ubaoni, na mkaguzi asiye jamaa ya mweka hazina. Makanisa yalipofungwa mwaka wa 2020 kwa sababu ya janga la Covid-19, na hata yalipofunguliwa Julai mwaka huo kwa watu wasiozidi 100, washirika wengi walizoea kutuma sadaka kwa M-Pesa. Njia hiyo huacha kumbukumbu ya kila shilingi, mradi nambari inayotumika iwe ya kanisa na si ya simu ya mtu binafsi.

Funzo la mikoko ya Gazi

Kuna darasa jingine karibu na Msambweni ambalo halina madhabahu wala mwinjilisti. Katika ghuba ya Gazi, wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni huendesha mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka wa 2013. Wanatunza hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo na matope yake hufyonza na kuhifadhi hewa ya kaboni, huuza haki za kaboni kwa wanunuzi wa ng'ambo. Mapato yametumika kwa maji, shule na mahitaji mengine ambayo wanakijiji wenyewe huyachagua katika mikutano ya hadhara. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Wengi wa wanaoutunza msitu huo ni Waislamu. Mkristo wa Msambweni akitafuta mfano wa uwakili unaoonekana kwa macho, hana haja ya kuvuka bahari. Hapo mtu hakati boriti kwa kuwa anajua msitu ni wa wote na wa watakaozaliwa. Fedha zinaamuliwa mbele ya watu, na kazi inaonekana. Sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo inasema binadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Haisemi atunze pamoja na watu wa dini yake pekee.

Mwishowe, uwakili hupimwa siku ambayo mwenye nyumba hayupo. Ibada imekwisha, mfuko wa sadaka umefungwa, mwanasiasa ameondoka, na mshirika anarejea nyumbani kwa jirani asiyesali kanisani kwake. Akimlipa kibarua wake jioni hiyo, akamrudishia muuza nazi chenji iliyozidi, akakataa kusambaza kikaratasi cha chuki msimu wa kura, na akatoa hesabu ya kikundi chake bila kusukumwa, basi somo limeingia. Siku mwenyewe atakaporejea na kubisha mlango, hatahitaji kukimbia huku na huko akitafuta funguo.